Fundi Aliyesikia kwa Taya

Enzi zile, kama ulitaka kumuudhi fundi Ereng wa Lodwar, ulimpelekea gari asubuhi tu, basi. Alikutazama kutoka kichwani hadi miguuni, akachomoa mswaki wa mti kinywani, akatema mate pembeni, na ndipo alipokujibu.

"Asubuhi gari yote iko sawa," alisema. "Hata mimi asubuhi niko sawa. Rudisha saa sita, jua ikikula watu. Tutajua kama ni gari ama ni sufuria."

Watu walinung'unika, na saa sita wakarudi. Walirudi kwa sababu mtu huyo, pamoja na majivuno yake yote, alikuwa anasema kweli. Saa sita ya Lodwar si saa sita ya mahali pengine. Chuma hakishikiki, petroli hutokota ndani ya mpira kabla haijafika inakokwenda, na magari ya Turkana hayafi asubuhi kivulini. Hufa mchana, katikati ya laga, ile mito mikavu ya mchanga inayoikata barabara kila mahali. Gari lililorekebishwa kwenye ubaridi huenda vizuri kwenye ubaridi. Ereng alitaka kulisikia likiwa taabuni.

Kazi yake hasa ilikuwa kabureta. Wewe ambaye hujawahi kufungua boneti, usitishike: ni chombo kidogo tu kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijanywa. Kina skrubu ya mwendo, ambayo hata mlevi anaweza kuizungusha, na kina skrubu ya mchanganyiko, na hiyo ndiyo yenye maneno. Petroli ikizidi, gari linatoa moshi mweusi na kumaliza tangi njiani. Hewa ikizidi, injini inapiga chafya, inachemka, na siku utakapokanyaga mafuta kwa haraka ukipanda ukingo wa laga, inakata roho. Kati ya huku na huku pana mahali padogo sana, na Ereng alipapata kwa sikio. Alifumba macho, bisibisi mkononi, akazungusha kidogo, akarudisha, akazungusha tena. Injini ilipotulia alisema, "Hapo." Akisema hapo, ni hapo. Ukimwomba aongeze kidogo, alifunga boneti akaenda zake kukaa.

Sikio hilo hakulipata karakana. Alilipata porini upande wa Kaaleng, alikozaliwa na kuchunga, ambako mchungaji anatakiwa ajue kwa kikohozi tu ni mbuzi yupi anaumwa kati ya wote walio nyuma yake. Kisha ukaja ule ukame ambao Waturkana wanauita Lopiar, uliofagia mifugo kama jina lake linavyosema, na kijana Ereng akashuka Lodwar kwa miguu akiwa na shuka, fimbo na ekicholong. Ekicholong ni kile kigoda kidogo cha mti ambacho mwanamume wa Kiturkana hatoki nyumbani bila kukishika. Mchana hukikalia, akilala hukiwekea kichwa, na mwanamke hakikalii wala hakichezei. Mjini wengine walikuwa wameanza kuona haya kutembea navyo. Ereng hakukiacha chake hata alipopata kazi katika karakana ya misheni na kuvishwa ovaroli.

Fundi mkuu wa pale, Reuben, mtu wa Kitale, alimcheka sana mfagiaji aliyekuja kazini na kigoda. Hakumcheka kwa muda mrefu. Alimkuta amesimama kando ya gari linalonguruma, ameinamisha kichwa, akionyesha kwa kidole ni pistoni ipi kati ya nne isiyofanya kazi. Reuben akachomoa plagi, akakuta ni kweli, akamnyang'anya ufagio na kumpa spana.

Mtu pekee ambaye hakuwahi kulisifu sikio hilo alikuwa Nasike, mkewe. Nasike alikuwa mwanamke wa maneno machache na sauti ya chini, na kila jioni alimpokea mumewe mlangoni kwa salamu ileile.

"Unanuka petroli. Enda uoge."

Hiyo ndiyo ilikuwa karibu ya nyumba ile. Wanaume wengine walipokelewa kwa chai. Ereng alipokelewa hivyo, na ukweli ni kwamba asingebadilishana nao.

Miaka ya tisini ilipoingia na kambi ya wakimbizi ikafunguliwa Kakuma, barabara ilijaa vile vijigari vifupi vya porini, vyenye turubai na kuvuta kwa magurudumu yote manne. Watu waliviita Suzuki hata visipokuwa Suzuki. Kimoja alikiendesha Rispa, nesi wa zahanati ndogo ya Kakuma, aliyekuwa akipeleka chanjo vijijini hadi kule Kaaleng akiwa na sanduku la barafu kwenye kiti cha nyuma. Rispa hakumwamini fundi mwingine yeyote. Alivumilia barabara yote ile hadi Lodwar, alivumilia majivuno, akangoja saa sita kama wengine.

Halafu masikio yakafunga.

Ilikuwa mwaka wa tisini na saba, katika miezi ya vumbi iliyotangulia zile mvua kubwa zilizokuja kumshangaza kila mtu. Tangu utotoni masikio ya Ereng yalikuwa yakitoa usaha na kuacha. Mara hii yalivimba yote mawili, yakauma hata akashindwa kula, kisha yakapona, na yalipopona hakusikia. Mtu akipiga kelele karibu kabisa alisikia kama anaitwa kutoka ng'ambo ya mto. Maneno ya kawaida hayakufika kabisa. Kitu pekee alichosikia kikubwa, tena kikubwa mno, kilikuwa sauti yake mwenyewe ndani ya kichwa, kwa hiyo akaanza kuongea polepole na kwa upole, na majirani wakadhani ameokoka.

Hakumwambia mtu. Nasike alijua, angewezaje asijue, lakini Nasike hakuwa mtu wa kupaza sauti mlangoni ili mtaa mzima usikie. Akaiacha ile salamu. Jioni alinyoosha kidole kwenye karai la maji, basi, na Ereng alioga kimya, akala kimya, akalala.

Gari la Rispa lilikuja wakati huo. Ereng aliweka kiganja nyuma ya silensa, akanusa moshi, akachomoa plagi na kutazama rangi yake. Kwa kiganja, pua na macho fundi hodari anaweza kukaribia. Kukaribia si kufika, na hakuna aliyelijua hilo kuliko yeye. Alisimama pale na bisibisi, jua likimchoma shingo, akingoja masikio yamwambie kitu, nayo hayakumwambia. Mwishowe alifunga boneti.

"Hapo," alisema.

Hilo lilikuwa kosa, na halina mtetezi. Alisema kwa kiburi, na Rispa akaliamini neno lile kama alivyoliamini siku zote.

Gari lilizimika kwenye laga, njia ya Kaaleng, mchana. Rispa aliliteremsha kwenye mchanga, akakanyaga mafuta apande ukingo wa pili, injini ikapiga chafya, ikafa, na haikuwaka tena mpaka jua lilipoteremka. Barafu iliyeyuka, chanjo zikaharibika. Akina mama waliokuwa wametembea na watoto migongoni kutoka mbali walingoja hadi wakachoka, wakarudi walikotoka.

Rispa alipokuja tena Lodwar, alikuja na maneno yake ameyapanga. Akamkuta Ereng ameinama ndani ya gari jingine, mgongo nje.

"Ejok, Ereng," alimsalimu kwa nyuma.

Bisibisi iliendelea kuzunguka.

"Ejok, fundi. Nimekuja tuongee mambo ya ile gari."

Mgongo haukugeuka. Rispa alikuwa nesi, si mtu wa kuelezwa mara mbili. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani. Alimgusa bega, na Ereng alipogeuka na kuanza kutabasamu kama mtu aliyekuwa akisikia kila kitu, Rispa alinyoosha kidole kwenye sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Masikio yangu ni yangu!" Ereng alisema, na ukali wote ukatoka kwa ile sauti ya upole, kwa hiyo ukawa wa kusikitisha badala ya kutisha.

Rispa akamsogelea sikioni na kumpigia kelele habari ya laga, ya barafu, ya akina mama. Alimwambia pia kwamba kuanzia sasa gari litatazamwa na Ilunga, Mkongo mmoja aliyefungua kibanda cha ufundi kambini Kakuma. Hakusema kwa hasira. Ereng angependa asemewe kwa hasira.

Habari zikatembea, kwa kuwa Lodwar si mji wa kuficha sikio bovu. Wateja walipungua. Waliokuja walitaka kubadilishiwa mpira au kufungiwa boliti, kazi ambayo Ereng alikuwa ameidharau tangu siku aliyouacha ufagio. Alikaa kwenye kigoda chake mbele ya karakana na kuyatazama magari yakipita bila mlio, na moyo ulimuuma vibaya. Lopiar ilimnyang'anya mbuzi akabaki na sikio. Sasa sikio limekwenda. Bila sikio yeye si fundi, na kama si fundi, hakujua ni nani.

Mchana mmoja joto lilizidi, akaenda kulala kwenye kivuli cha nyuma ya mashine ya posho ya Amuria, mahali penye sakafu ya saruji. Aliiweka ekicholong chini, akalaza kichwa, mfupa wa taya ukikaa juu ya mti. Akafumba macho.

Akasikia mashine.

Si mtikisiko. Mlio, mlio wenyewe, mzima, dizeli ikipiga na mawe yakisaga na mkanda ukipita. Ereng aliinua kichwa na kila kitu kikapotea. Akalaza kichwa, kikarudi. Aliinua, akalaza, akainua, akalaza, na wanawake waliokuwa kwenye foleni na mahindi yao wakaanza kuulizana huyu mzee ameumwa na nge au vipi. Kisha aliruka, akaingia ndani mbio, akasimamisha miguu ya kigoda juu ya mwili wa mashine na kukandamiza taya upande wa juu, macho yamefumba, unga ukimwangukia kichwani.

"Amuria!" alisema. "Mkanda yako imelegea! Inateleza!"

Amuria, ambaye alikuwa hajasikia chochote, alikwenda kuutazama mkanda ili tu amtulize kichaa. Ulikuwa umelegea.

Ereng hakumaliza siku pale. Alidandia lori la samaki wakavu lililotoka Kalokol, kando ya ziwa, kwenda Kakuma, akakaa juu ya magunia na kigoda chake kifuani, akinuka kama ziwa lote. Njiani alikiweka kwenye ubao wa lori na kusikiliza giaboksi, na hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama yake kwenye barabara ile, ingawa giaboksi yenyewe ilikuwa mbaya sana.

Asubuhi iliyofuata alikuwa langoni kwa Rispa. Gari lilikuwepo, na Ilunga alikuwa chini yake akikaza springi. Ilunga alikuwa kijana mpana, mcheshi, fundi wa kweli wa giaboksi na springi, na mwenyewe hakuficha kwamba kabureta ile ilikuwa inamsumbua. Asubuhi gari lilikwenda. Mchana lilikohoa.

"Nipe saa sita moja tu, sista," Ereng alimwambia Rispa. "Ikikataa, sitashika gari tena. Nitaenda kuuza mkaa."

Rispa alimtazama. Alifikiria wale akina mama wa laga, na kama ukimuuliza atakwambia kwamba nusura akatae. Akampa funguo.

Saa sita ilipofika, uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa watu, maana habari ya fundi kiziwi aliyekuja na kigoda ilikuwa imefika hata kambini. Ereng aliliacha gari likinguruma juani hadi boneti ikawa haishikiki. Kisha akaifungua, akakiweka kigoda juu ya kifuniko cha injini, akainama, akalaza taya.

"Papa," Ilunga alisema, akicheka, "unataka kulala juu ya motere?"

Watu wakaangua kicheko. Ereng hakukisikia. Alikuwa ameingia ndani ya injini, na humo hamkuwa na kicheko wala upepo wala kelele za watu, vitu vilivyokuwa vikimsumbua hata alipokuwa mzima. Mti ulimletea injini peke yake. Alisikia valvu. Alisikia pistoni zote, moja moja. Alisikia ile hewa iliyozidi ikiingia na kuiacha injini na kiu, na akaona haya, kwa sababu sasa alijua alichokuwa amekifanya siku ile. Mkono wake ukatafuta skrubu bila msaada wa macho. Akazungusha kidogo, akarudisha. Jasho lilimtoka kwenye kidevu likadondokea chuma na kukauka hapohapo. Akazungusha tena, kwa upana wa ukucha, akatulia, akangoja, na watu nao bila kuambiwa wakasogea karibu.

"Hapo," alisema.

Rispa hakungoja kusifu. Alipanda, akampandisha Ereng kando yake, wakashuka moja kwa moja kwenye laga ya Tarach ilipo na mchanga mwingi kuliko kwingine. Ereng alikuwa ameegemeza kigoda kwenye dashibodi na taya juu yake, akirushwa huku na huku kama gunia. Walifika chini ya ukingo wa pili, mahali pa kufia. Rispa alikaza midomo, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini ikameza, ikanguruma, ikavuta. Gari likapanda ukingo likirusha mchanga nyuma na kusimama juu, zima, linatetemeka kidogo.

Rispa alizima. Akakaa mikono kwenye usukani, kisha akacheka peke yake. Alipokwisha kucheka, alichukua tochi kwenye mkoba, akamshika Ereng kichwa na kumwangalia masikio yote mawili, akamsogelea.

"Ngoma za masikio zimetoboka!" alimpigia kelele. "Lakini kule ndani, kwenye mfupa, uko mzima! Unasikia kwa mfupa, fundi!"

"Mimi najua," alisema Ereng kwa sauti yake ya kanisani, na majivuno yote yalikuwa yamerudi. "Hata mbuzi ya Kaaleng inajua."

Waliporudi uwanjani Ilunga aliomba kigoda naye ajaribu. Aliinama na mwili wake wote ule, akalaza taya, na uso ukabadilika. "Mama! Iko inaongea!" alisema, na hakutaka kuinuka. Wakakubaliana palepale, wakishikana mikono yenye grisi, kwamba springi na giaboksi za Lodwar zitapelekwa kwa Ilunga, na kabureta za Kakuma zitangoja Ereng na saa sita yake.

Lori la samaki lilimrudisha Lodwar jioni ya kesho yake, magunia matupu lakini harufu ileile. Nasike alikuwa mlangoni. Alimwona akija na kigoda mkononi, uso umechubuka upande mmoja pale mti ulipokaa, na akajua kwa mwendo wake kwamba kuna jambo. Alinyoosha kidole kwenye karai.

Ereng hakwenda kwenye karai. Alikaa chini mbele yake kwenye mchanga, akamshika mkono akamketisha, akaegemeza upande mmoja wa ekicholong kwenye taya yake mwenyewe. Upande wa pili akausogeza kwake.

Nasike alirudi nyuma. Akakitazama kigoda, akatazama kushoto na kulia kama kuna jirani. "Hiyo ni ya mwanaume," midomo yake ilisema. Ereng hakuisikia, lakini aliielewa, na alibaki vilevile, ameshika mti kwa mikono miwili, akingoja. Hakuna gari alilowahi kulingoja hivyo.

Basi Nasike akainama, akaweka kidevu chake juu ya kigoda cha mumewe. Ereng alikisogeza kidogo kuelekea mfupa, akakirudisha, akakisogeza tena.

"Hapo," alisema. "Sema."

Nasike alikaza kidevu juu ya mti. Alikuwa na miezi mingi ya maneno, na sasa hakujua aanze na lipi.

"Unanuka petroli," alisema kwa ile sauti yake ya chini, na Ereng alifikiri labda anaikumbuka tu, labda kichwa kinamletea ya zamani, mpaka sauti ikaendelea ndani ya mfupa wake, wazi kabisa:

"Na samaki."